Nani anaisoma damu yetu? Kazi ya kompyuta nyuma ya chanjo ya malaria

Tulipomaliza kipindi chetu kuhusu chanjo za malaria, ujumbe wa simu ulituingilia kutoka Saadani, Matipwili, Mkwaja na vijiji vingine vya pande zile za mto Wami. Maswali mawili yalijirudia kuliko mengine. La kwanza: damu ambayo watafiti huchukua pale Bagamoyo huenda wapi, na hufanyiwa nini? La pili lilitoka kwa wazazi: mtoto anapenda baiolojia na hapo hapo haachi kushika kompyuta kila akiipata, je, kuna kazi inayochanganya vitu hivyo viwili?

Tulipoanza kutafuta majibu tuliona kwamba maswali haya mawili yana jibu moja. Damu iliyotoka Bagamoyo imewahi kuwaonyesha wanasayansi wa dunia mahali pa kumshika mdudu wa malaria ambapo chanjo zilizokuwapo hazikupagusa. Na aliyeiona siri hiyo hakuiona kwa darubini peke yake. Iligunduliwa kwa kusoma herufi kwenye kompyuta.

Jaribio la Bagamoyo

Wengi wenu mnaifahamu Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo ina kituo chake Bagamoyo, jirani na hospitali ya wilaya. Hapo ndipo watoto wetu walishiriki jaribio kubwa la chanjo ya RTS,S, lililoanza mwaka 2009 na kuhusisha watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika. Baadaye Bagamoyo ikawa tena miongoni mwa vituo vya kujaribia chanjo ya R21. Shirika la Afya Duniani liliipitisha RTS,S mwezi Oktoba 2021, na R21 mwezi Oktoba 2023.

Lakini habari yetu ya leo inahusu jaribio jingine, dogo zaidi, ambalo halikutangazwa sana redioni. Mwaka 2014 watafiti wa Ifakara pamoja na wenzao wa Uswisi na Marekani walijaribu chanjo iitwayo PfSPZ, inayotengenezwa na kampuni ya Sanaria ya Marekani. Chanjo hii ni ya aina ya pekee. Haina kipande cha kimelea, bali ina kimelea chenyewe kizima, katika hatua ile anayoitema mbu anapouma. Hatua hiyo huitwa sporozoiti. Vimelea hivyo hupigwa mionzi vikiwa bado ndani ya mbu waliofugwa maabara, ili vidhoofike visiweze kuleta ugonjwa, kisha hutolewa na kuhifadhiwa kwenye baridi kali ya naitrojeni ya maji hadi siku ya kuchoma sindano.

Vijana wa kiume wa Kitanzania walijitolea. Waliopewa dozi kubwa zaidi walikuwa 20, na kila mmoja alichomwa sindano 5 zenye sporozoiti 270,000 kila moja. Wiki 3 baada ya sindano ya mwisho likaja jambo ambalo huwashtua wengi wakilisikia kwa mara ya kwanza: vijana hao wakachomwa vimelea hai vya malaria, visivyodhoofishwa, kwa makusudi. Hufanyika hivyo ili kujua kama chanjo inakinga bila kusubiri miaka. Washiriki huwa chini ya uangalizi wa madaktari, damu hupimwa mara kwa mara, na vimelea vikionekana tu wanapewa dawa. Bagamoyo ndiko jaribio la aina hiyo, kwa njia za kisasa, lilikofanyika kwanza barani Afrika, mwaka 2012.

Matokeo hayakuwa ya kushangilia. Kati ya vijana 20, ni 4 tu ambao hawakupata vimelea. Zaidi ya hayo, damu ya Watanzania ilionyesha kingamwili chache kuliko damu ya Wamarekani waliopewa chanjo ile ile kwa kipimo kile kile. Mtu mwingine angefunga daftari. Ila wale 4 walirudiwa kujaribiwa wiki 24 baada ya chanjo, wakachomwa tena vimelea hai, na kwa mara ya pili hakuna hata mmoja aliyeugua.

Kulikuwa na nini kwenye damu yao?

Kingamwili ni kitu gani

Kingamwili ni protini ambayo mwili huitengeneza ili ishike kitu kigeni kilichoingia. Ina umbo kama panda ya manati, na ncha zake mbili za juu ndizo zinazoshika. Kila kingamwili hushika kitu chake. Mvuvi wa Saadani anajua kwamba wavu wa kamba si wavu wa nguru: macho ya wavu ndiyo yanayoamua utavua nini. Kwenye kingamwili, "macho" hayo ni mpangilio wa chembe ndogo ziitwazo asidi amino katika zile ncha mbili.

Asidi amino ziko aina 20, na wanasayansi huziandika kwa herufi moja moja. N ni asparajini, A ni alanini, P ni prolini, na kuendelea. Kwa hiyo kingamwili yoyote inaweza kuandikwa kama neno refu. Sehemu ya kushikia ya mnyororo wake mzito huwa na herufi kama 120 hivi. Ukibadilisha herufi moja mahali penye umuhimu, kingamwili iliyokuwa ikishika barabara inateleza, au iliyokuwa ikiteleza inashika.

Sasa mwili unapata wapi maneno mengi namna hiyo? Hatuzaliwi na jeni moja kwa kila kingamwili, maana nafasi isingetosha. Tunazaliwa na vipande. Katika kromosomu namba 14 kuna vipande kadhaa vya kundi V, vingine vya kundi D na vingine vya kundi J. Kila seli B, yaani seli ya damu inayotengeneza kingamwili, huchukua kipande kimoja kutoka kila kundi na kuviunganisha, kama fundi anayeunga vipande vya nyavu tofauti. Kwenye maungio yenyewe huongeza au kukata herufi chache ovyo ovyo. Na baada ya kukutana na adui, seli hiyo huzaa watoto, na watoto hao hubadilisha herufi moja hapa na nyingine pale. Wanaoshika vizuri zaidi huachwa waongezeke, wanaoshika vibaya hufa.

Ndiyo maana mtu aliyewahi kupata malaria mara nyingi, au kuchanjwa, hubeba damuni koo nzima za seli B, kila ukoo ukiwa na babu wake mmoja na wajukuu wanaotofautiana kidogo.

Kuisoma

Kusoma kingamwili za mtu huanza maabara. Damu hutenganishwa, seli B zinazotambua kimelea huchaguliwa moja moja, na vinasaba vya kila seli husomwa na mashine. Mashine hiyo hutema herufi nne tu, A, C, G na T, lakini hutema nyingi mno. Jaribio moja dogo linaweza kuleta mamilioni ya mistari. Hapo ndipo mtu wa maabara anamkabidhi kazi mtu wa kompyuta. Siku hizi mara nyingi ni mtu yule yule.

Programu hulinganisha kila mstari na orodha ya jeni za binadamu na kuuliza: kipande hiki cha V kilitoka wapi? Babu wa ukoo huu alikuwa na herufi zipi kabla hazijabadilika? Nani ni mtoto wa nani? Ni kazi inayofanana na ile ya mzee wa kijiji ambaye akisikia jina la kijana, jina la baba na jina la babu, anakwambia mara moja huyu ni wa mlango gani, na huyu na yule wanaoana vipi kiukoo ingawa wamekulia mbali.

Damu ya baadhi ya wale vijana waliokingwa ilisomwa hivyo hivyo. Kazi hiyo iliongozwa na maabara ya Bellinzona, Uswisi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature Medicine. Katika orodha ya waandishi wamo madaktari wa Ifakara, Said Jongo na Salim Abdulla.

Walichokiona ni hiki. Sporozoiti imevikwa protini inayoitwa CSP. Katikati ya protini hiyo kuna herufi nne zinazojirudia, NANP, NANP, NANP, karibu mara 40, kama kibwagizo cha wimbo. Chanjo ya RTS,S, iliyobuniwa miaka ya 1980, ilichukua sehemu ya kibwagizo hicho, kama marudio 19 hivi, pamoja na mkia wa protini. R21 imefuata mtindo huo. Sehemu inayotangulia kibwagizo, pale penye kiungo, iliachwa.

Kingamwili zilizofanya kazi vizuri kuliko zote kutoka kwa Watanzania wale zilishika mahali pawili. Zilishika kibwagizo, na zilishika pia kile kiungo kilichoachwa, penye herufi NPDP. Zilipojaribiwa kwa panya waliowekewa seli za ini la binadamu, zilizuia maambukizi kuliko nyingine.

Halafu kompyuta ikaonyesha jambo la pili, ambalo kwa maoni yetu ndilo zito zaidi. Kingamwili hizo zilitoka kwa watu tofauti, wasio na undugu, lakini zilijengwa kwa vipande vya V vilivyo karibu sawa, viitwavyo VH3-30 na VH3-33. Tena si kwa kila namna ya vipande hivyo, bali ile yenye herufi fulani katika nafasi ya 52. Maana yake ni kwamba miili ya watu mbalimbali inaweza kufika kwenye jibu lile lile ikianzia kwenye jeni ile ile. Mbuni wa chanjo akijua hilo, habahatishi tena. Anaweza kutengeneza chanjo inayomwamsha babu wa ukoo huo kwa makusudi, kisha sindano za pili na tatu zikawafundisha wajukuu kushika vizuri zaidi.

Mwaka huo huo, kundi jingine nchini Marekani lilitangaza kingamwili iitwayo CIS43, iliyotoka kwa mtu aliyepewa chanjo ya PfSPZ, nayo ikishika pale pale kwenye kiungo. Ilipoboreshwa na kujaribiwa kwa watu wazima nchini Mali, matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba dozi kubwa ilizuia maambukizi kwa asilimia 88 katika muda wa miezi 6. Hii si chanjo. Ni kingamwili iliyotengenezwa tayari na kuingizwa mwilini, na bado haijafika zahanati zetu. Kwa hiyo msikilizaji, chandarua kiendelee kutumika, na mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa kama kawaida.

Kituko cha Kilifi

Kabla hatujaingia kwenye shule na ajira, hebu tuwape kisa kimoja kutoka pwani ya jirani zetu wa Kenya, kwa sababu kinaonyesha kwa nini kazi hii inahitaji jicho la mtu, si mashine tu.

Watafiti walikuwa wakichunguza damu ya watu wa Kilifi walioishi na malaria maisha yao yote. Walitafuta watu wachache ambao kingamwili zao zilitambua chembe nyekundu zilizoingiwa na vimelea vya aina nyingi tofauti, jambo adimu, maana mdudu wa malaria hubadilisha nguo kila mara. Waliposoma herufi za kingamwili hizo, baadhi zilikuwa ndefu kupita kiasi. Zilikuwa na herufi karibu 100 za ziada ambazo hazikufanana na kipande chochote cha V, D wala J. Mtu mvivu angesema mashine imekosea na kufuta mstari.

Hawakufuta. Walizitafuta herufi hizo katika vinasaba vyote vya binadamu na kukuta ni kipande cha jeni nyingine kabisa, LAIR1, iliyoko kromosomu namba 19, kilichoruka na kujipachika katikati ya jeni ya kingamwili. Na kipande hicho ndicho kilichokuwa kinamshika mdudu, kwenye protini zake za kundi la RIFIN. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2016 katika jarida la Nature. Haikuwa imetarajiwa na mtu yeyote.

Orodha ni ya nani?

Tumesema programu hulinganisha herufi na orodha ya jeni za kingamwili. Orodha maarufu zaidi inatunzwa Montpellier, Ufaransa, na ilianza mwaka 1989. Ni kazi kubwa na inatumika bure. Lakini damu iliyojenga orodha za namna hii ilitoka zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, huku Waafrika, ambao vinasaba vyao vina tofauti nyingi kuliko vya watu wa bara lingine lolote, wakiwa wachache.

Matokeo yake ni ya kiutendaji kabisa. Chukulia mtu wa Saadani ana namna ya kipande cha VH3-33 ambayo haimo orodhani. Programu itaona herufi tofauti na kuamua kwamba seli ilibadilika baada ya kukutana na adui, kumbe mtu amezaliwa nayo. Ukoo utachorwa vibaya. Na kama chanjo mpya inabuniwa ili imwamshe babu mwenye herufi fulani katika nafasi ya 52, ni lazima ijulikane ni watu wangapi wa pwani yetu, wa Kigoma, wa Mara, walio na babu huyo. Eneo lile la kromosomu ya 14 hutofautiana sana mtu na mtu. Wengine wana nakala zaidi, wengine pungufu.

Sisi hatusemi kwamba waliosoma damu ya Bagamoyo huko Uswisi walikosea kufanya hivyo. Mashine zilikuwa kwao na ujuzi ulikuwa kwao, na Watanzania walishirikishwa. Tunachosema ni kwamba anayekaa mbele ya kompyuta ndiye anayechagua swali la kuuliza. Swali la kwa nini vijana wetu walitoa kingamwili chache kuliko Wamarekani, kwa mfano, linatuhusu sisi kuliko linavyomhusu mtu wa Bellinzona.

Kazi yenyewe ikoje

Kazi hii inaitwa bayoinfomatiki, na upande wake unaogusa kingamwili na chanjo unahitaji mtu anayejua mambo matatu: baiolojia ya kinga, takwimu, na kuandika programu. Si lazima uwe bingwa wa yote matatu. Ni lazima usiogope hata moja.

Siku ya kazi haina mbwembwe. Asubuhi unafungua mafaili yaliyotoka kwenye mashine na kukagua ubora. Mistari mibovu unaitoa. Unaendesha programu ya kulinganisha, inakwama, unatafuta kwa nini, kumbe jina la faili lina nafasi katikati. Unachora koo. Unamwandikia mwenzako wa maabara kumwuliza kama sampuli namba fulani haikubadilishana na nyingine. Mara moja moja, pengine mara chache kwa mwaka, unaona kitu ambacho hakuna mtu mwingine amewahi kukiona.

Upande wa kubuni chanjo umebadilika haraka. Wachina walipotangaza herufi za kirusi cha korona Januari 2020, kampuni ya Moderna ilikamilisha mchoro wa chanjo yake ndani ya siku 2, kwenye kompyuta, bila kuhitaji kirusi chenyewe mkononi. Waliweza kwa sababu kulikuwa na utafiti wa miaka mingi juu ya virusi vya jamii hiyo. Na mwaka 2024 Tuzo ya Nobel ya Kemia walipewa watu wa kompyuta: David Baker kwa kubuni protini mpya, na Demis Hassabis na John Jumper kwa programu ya AlphaFold, inayokisia umbo la protini kutokana na herufi zake tu. Hifadhi ya AlphaFold ina maumbo zaidi ya milioni 200, nayo iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti.

Hili la kuwa wazi ni muhimu kwa msikilizaji wa kijijini. Programu za kazi hii karibu zote ni za bure: lugha za Python na R, mfumo wa Linux, programu ya IgBLAST ya kutambua vipande vya kingamwili. Muhtasari wa makala za kisayansi husomwa bure kwenye PubMed, hata kwa simu, ingawa ni kwa Kiingereza. Kwa simu unaweza kuanza kujifunza Python na kusoma. Kuchambua data halisi kwa simu huwezi. Hapo inatakiwa kompyuta yenye kumbukumbu kubwa, umeme usiokatika na mtandao wa kasi. Tukisema vinginevyo tutakuwa tunawadanganya.

Njia ya shule

Kwa aliye kidato cha nne, msingi ni baiolojia, kemia na hisabati. Tunasisitiza hisabati, kwa sababu wengi huikimbia wakidhani baiolojia ni kukariri. Kwa kidato cha tano, wengi waliofika kwenye kazi hii walipitia PCB, na wale wa PCB wasiidharau BAM, ile hisabati ndogo ambayo wanafunzi huisoma ili ipite tu. Takwimu zilizomo humo ndizo utakazokutana nazo tena. Wa PCM nao wana mlango, kwa kuingilia upande wa kompyuta na kujifunza baiolojia baadaye.

Chuo kikuu, shahada zinazofaa ni kama ya baiolojia ya molekuli na baioteknolojia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baioteknolojia na sayansi za maabara Sokoine mjini Morogoro, au sayansi za maabara ya tiba Muhimbili. Anayesoma sayansi ya kompyuta pia asijione nje.

Bayoinfomatiki yenyewe kwa kawaida husomwa ngazi ya uzamili. Hapa Afrika Mashariki ipo Chuo Kikuu cha Nairobi, Makerere, na Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, karibu kabisa na kituo cha KEMRI-Wellcome, chenye utafiti mkubwa wa malaria. Muhimbili ilikuwamo katika mtandao wa mafunzo ya bayoinfomatiki wa Afrika Mashariki. Kuna pia H3ABioNet, mtandao wa Afrika nzima ulioanza mwaka 2012, ambao kuanzia 2016 uliendesha kozi ya miezi kadhaa ya utangulizi: walimu wanafundisha kwa video, wanafunzi wanakutana madarasani katika nchi zao, Tanzania ikiwamo.

Uzamivu bado wengi huufanyia nje, mara nyingi kwa mpango wa kugawa muda kati ya hapa na Ulaya. Ifakara ina uhusiano wa miaka mingi na Basel, Uswisi. Maabara ya kwanza ya Waswisi pale Ifakara ilianza miaka ya 1950.

Sasa ajira. Mzazi anayeuliza kama mtoto ataajiriwa siku ya pili baada ya mahafali, jibu letu ni hapana. Nafasi ni chache, na nyingi zinategemea ufadhili wa mradi. Mkataba ni wa miaka 2 au 3, na mradi ukiisha unatafuta mwingine. Mwaka 2025, Marekani ilipopunguza fedha za utafiti na misaada ya nje, miradi mingi barani ilitikisika, na hilo lilionyesha jinsi kazi hizi zinavyoning'inia kwenye uzi wa mtu wa mbali. Kwa upande mwingine, ujuzi wenyewe hauozi. Mtu anayeweza kuchambua data ya kingamwili anaweza pia kuchambua usugu wa dawa za kifua kikuu, magonjwa ya mifugo, mbegu za mihogo au data za hospitali. Tunaiona hii kuwa sababu nzuri ya kuisomea kazi hii kuliko ahadi ya kwenda Ulaya.

Ukiombwa damu

Turudi kwenye swali la kwanza. Mtafiti akifika kijijini Saadani au akikuita Bagamoyo, ni lazima akupe maelezo kwa Kiswahili unachokielewa kabla hujatia sahihi au dole gumba. Utafiti wa afya nchini unapaswa kuwa na kibali cha kamati ya taifa ya maadili iliyo chini ya NIMR, na sampuli zikipelekwa nje ya nchi panatakiwa makubaliano ya maandishi kuhusu zinakokwenda na matumizi yake. Kushiriki ni hiari, na unaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu.

Muulize damu yangu itasomwa vinasaba? Itasomewa wapi, na nani ataisoma? Itahifadhiwa kwa muda gani, na inaweza kutumika baadaye kwa utafiti mwingine? Majibu yatarudi kijijini kwa njia gani? Na kama una kijana nyumbani wa aina ile tuliyoulizwa, ongeza swali la tano: kwenye mradi huu kuna Mtanzania anayefundishwa kusoma hizo herufi? Maswali yote haya ni haki yako, na mtafiti mzuri huwa anayasubiri.